Tumbo Langu na Ng'ombe wa Bibi

Mimi miji naijua kwa vyoo vyake. Usicheke, ndugu yangu. Mtu mwenye tumbo kama langu akishuka kwenye basi hatazami kwanza maghorofa wala ziwa. Anatafuta kile kimlango cha bati nyuma ya mgahawa, na akishakiona moyo unatulia, anaanza kuupenda mji. Hivyo ndivyo nilivyozipenda Kigoma na Bujumbura, Lubumbashi na Mbeya, na kwingine nilikokaa mwaka, pengine miwili, hadi miguu ikaanza kuniwasha nikaondoka.

Juzi safari ilinipitisha Kamembe, Rwanda, baada ya miaka mingi. Basi langu lilikuwa bado halijajaa, nikaingia kwenye duka la maziwa karibu na stendi. Maduka hayo siku hizi ni mengi: tangi la chuma linalong'aa, meza zenye vitambaa vya plastiki, vikombe vikubwa, maandazi kwenye kabati la kioo. Dada aliyekuwa akihudumia akaniuliza nataka ya moto au ya mgando. Nikamwomba chai kavu, isiyo na maziwa.

"Papa, umeingia kwa maziwa kutafuta chai?" akaniuliza, kwa maana kule mwanamume yeyote ni papa, na wanaume wawili wa meza ya pili wakaangua kicheko.

Sikuwalaumu. Lakini sufuria moja ilikuwa inachemka nyuma yake, na ile harufu, tamu na nzito, yenye kuungua kidogo pale maziwa yanapogusa ukingo wa moto, ikanichukua moja kwa moja hadi Gitambi, kule mlimani, kwenye ua wa bibi yangu, nikiwa mtoto mwembamba niliyeletwa kutoka mbali.

Tulitoka Kalemie, Kongo. Baba alikuwa amefariki, na mama akaamua kurudi kwao. Tulipanda meli ya mizigo, tukalala juu ya magunia ya dagaa hadi Uvira, nguo zetu zikanuka samaki kiasi kwamba mbwa wa bandarini walitufuata. Kutoka Uvira tukapata lori lililobeba muhogo. Lilikuwa likiharibika kila tulipoanza kulizoea. Dereva alikuwa akishuka, anapiga kitu kwa nyundo, anapanda tena, na mama kila mara alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kuharibika. Kamanyola tulivuka daraja la mpaka wa Rwanda kwa miguu, godoro likiwa kichwani kwa mama na sufuria zikinigonga mgongoni. Ng'ambo ilikuwa Bugarama, tambarare yote ya kijani kwa mpunga, na moshi wa kiwanda cha saruji umesimama wima kwa sababu hakukuwa na upepo. Kisha mlima. Tulipanda mpaka tukaanza kusikia baridi, mimi mtoto wa ziwa la joto nisiyekuwa na sweta.

Bibi hakuuliza habari za safari. Alitukalisha kwanza mkekani, kwa maana maziwa hayanywewi mtu akiwa amesimama, akanipa kikombe cha mti, kizito, chenye harufu ya moshi wa nyasi. Maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Kalemie mimi nilijua maziwa ya kopo tu, ule unga uliochotwa kwa kijiko kidogo siku ya Krismasi ukatiwa kwenye chai. Haya yalikuwa kitu kingine. Niliyamaliza, nikalamba midomo, na bibi akacheka kwa furaha, akaniongezea.

Usingizi haujanipata, tumbo likaanza kunguruma kama lori letu lilipokuwa likipanda. Sitakueleza yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba njia ya kwenda chooni, nyuma ya migomba, niliijua vizuri kabla sijaijua njia ya kwenda shuleni.

Walisema ni safari. Kisha wakasema ni maji ya mlimani. Mama akashuka Kamembe kuuza vitenge sokoni, akawa anakuja Jumapili, na kila Jumapili alinikuta nimepungua kidogo. Siku moja nilimwambia kwa sauti ndogo, "Maman, ni maziwa." Aliniziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme vile tena," alininong'oneza. "Unataka bibi yako aamini unamuchukia?"

Ni lazima nikueleze jambo hili, maana asiyetoka kule hatalielewa. Maziwa pale hayakuwa kinywaji. Ukiyakataa mkononi mwa mtu, umemwambia humpendi, au umemwambia jambo baya zaidi: kwamba unashuku ametia kitu. Na ya bibi yalikuwa ya Gaju, ng'ombe wake wa rangi ya kahawia, aliyetolewa na rafiki wa babu ili urafiki wao usife. Bibi alimtandikia nyasi kavu kabla ya kujitandikia yeye mwenyewe. Alimwimbia akimkamua, na sauti ya maziwa yakigonga chombo cha mti, kwanza kavu, kisha nzito kadiri chombo kinavyojaa, ndiyo iliyotuambia kwamba siku imekwisha. Nani angesema neno juu ya maziwa hayo?

Sasa nikwambie juu ya jirani. Chini ya nyumba yetu, baada ya migomba, aliishi mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu. Alikuwa ameishi Bukavu, upande wa Kongo, miaka mingi, akarudi bila mume wala mtoto, akakaa kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yake. Alikuwa akienda Kamembe kuchukua mzigo, akirudi anauanika kwenye mikeka, paka wa kilima kizima wamekaa kumzunguka kama waumini. Nilimpenda kwa sababu mbili. Kwanza alizungumza Kiswahili, na mimi Kinyarwanda changu kilikuwa kinachekwa shuleni. Pili alisonga bugali ya muhogo.

"Njo, papa, karibia," alikuwa akiniita nikitoka shule. "Tumbo ya mutoto wa Kongo haishibaka na viazi."

Alikata tonge, akachovya kwenye mchuzi wa sambaza na nyanya, akala yeye kwanza huku nikimtazama, ndipo akanisogezea sahani. Pale ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nyumba huonja mbele yako chochote anachokupa, iwe bia, uji au mchuzi, uone kwa macho yako kwamba hakuna kilichotiwa. Watu wa pande zile waliogopa sumu kuliko radi, na radi zao si za mchezo. Nami nilikula, nikashiba, na jioni yote ningekuwa mzima kama si kikombe kilichokuwa kikinisubiri nyumbani.

Bibi na mama huyo walikuwa marafiki. Asubuhi chupa ya maziwa ilikuwa ikishuka kwa njia ya kati ya migomba, na jioni sambaza zilipanda kwa njia hiyohiyo, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Bibi alimtania kwamba amezeekea Bukavu hadi amesahau kulima. Naye alijibu kwamba yeye analima ziwa, halina magugu.

Sijui nani alianza. Nadhani ilikuwa kwenye chemchemi, wanawake wakisubiri madumu yajae. Wala halikuwa shtaka. Mmoja aliuliza tu, "Huyu mtoto mchana anakula wapi?" Basi. Kilichobaki kila mtu alijijibu mwenyewe akiwa njiani na maji kichwani.

Bibi alinipeleka ng'ambo ya bonde kwa mzee aliyetibu waliolishwa sumu. Alininywesha majani machungu hadi nikatapika, akaangalia alichokiangalia, akasema kuna mkono wa mtu. Kisha akatoa masharti: nisile tena nje ya nyumba, na ninywe maziwa asubuhi na jioni, mengi, kwa sababu maziwa ndiyo yanayozima sumu. Umeelewa sasa? Dawa yangu ikawa kikombe kilekile, mara mbili. Bibi alinipa kwa mikono miwili, akinitazama hadi tone la mwisho, na jinsi nilivyozidi kuugua ndivyo alivyozidi kumkamua Gaju kwa ajili yangu. Mwalimu wetu akanihamishia kwenye dawati la karibu na mlango, bila kusema kitu, na hadi leo namshukuru.

Chupa ya maziwa ikaacha kushuka. Watu wakaacha kununua sambaza. Walipita mbele ya mikeka yake wakitazama ng'ambo, na paka peke yao ndio waliobaki waaminifu. Siku moja alikuja hadi kwenye ua wa minyaa, hakuingia.

"Mama," alimwambia bibi, "njia yetu imeota majani."

"Mutoto ni mugonjwa," bibi alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Minajua iko mugonjwa. Mimi nauliza juu ya njia."

Bibi akaendelea kuchambua maharage. Yule mama alisimama kidogo, akageuka, akashuka. Nilimwona akishika mgomba mmoja kwa mkono kama mtu aliyepanda mlima, naye alikuwa akiteremka.

Tukasikia kwamba habari yake italetwa kwenye mkutano wa watu wa kilima chetu, Jumapili moja baada ya Misa. Hakuna aliyehitaji kutuambia maana yake. Mtu akitajwa pale kwa sumu, hata kama hakuna ushahidi, amekwisha. Hatauza, hatanunua, hatapewa moto na jirani. Atafunga godoro lake. Na huyu hakuwa na kwingine pa kwenda.

Kisha Gaju akawa karibu kuzaa, na bibi akaacha kumkamua. Nyumba nzima ikawa haina maziwa. Nami nikapona. Mashavu yalirudi, nikaanza kupanda miti, nikalala usiku kucha. Utadhani jambo limejifumbua lenyewe. La. Wanawake wa chemchemi walisema, mnaona? Tangu alipokatazwa kula kule chini, mtoto amekuwa mzima. Kupona kwangu kukawa ushahidi mkubwa kuliko ugonjwa wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona bibi mwenyewe akikubali kwa kichwa.

Ndama alizaliwa asubuhi ya ukungu, jike, mwekundu. Palikuwa na shangwe. Watoto wa jirani wakaitwa kuonja maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, nami mjukuu wa nyumba nikapewa mengi kuliko wote. Kesho yake asubuhi bibi alinikuta nyuma ya migomba nimejikunja, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Alinipangusa kwa kanga yake. Kisha akaniuliza polepole, "Jana ulikula wapi?"

"Hapa."

"Na juzi?"

"Hapa, bibi."

Alijua ni kweli. Wiki zote hizo sikuwa nimetoka machoni pake. Alikaa kwenye kigoda chake cha kukamulia, mikono mapajani, akamtazama Gaju akimlamba ndama. Sijui aliwaza nini. Najua tu kwamba jioni ile alikamua bila kuimba, na katika kikombe changu akatia uji wa mtama. Na kesho yake vilevile. Tumbo likatulia. Baada ya siku kadhaa akanipa maziwa kidogo, akakaa kando yangu akisubiri kama mtu anayesubiri mvua asiyoitaka. Ilikuja. Hakunipa tena.

Jumapili ya mkutano ikafika. Bibi alivaa nguo zake za kanisani, lakini Misa ilipokwisha hakupanda nyumbani wala hakuelekea uwanja wa mkutano. Alinishika mkono tukashuka hadi kwa muuza sambaza, saa ileile watu wote walipokuwa wakipita barabarani mbele ya nyumba yake. Alijikalisha kwenye mkeka nje, akakunja miguu, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali waliisikia kwamba tumekuja kula.

Yule mama alisimama mlangoni. Kisha akaingia ndani, na kwa muda mrefu tulisikia tu mwiko ukigonga sufuria. Akatoka na bugali na sambaza. Akapiga magoti, akakata tonge ili aonje kama ilivyo desturi. Bibi akamshika kifundo cha mkono.

"Usionje," alimwambia. "Weka hapa."

Barabarani watu walikuwa wamesimama. Bibi akala tonge la kwanza, akala la pili, akanikatia mimi. Kisha akawageukia wale waliosimama, akasema kwa Kinyarwanda, bila ukali, "Mtoto wangu maziwa yanamshinda. Maziwa yangu mimi, ya ng'ombe wangu. Msimtafute mtu."

Nilitamani ardhi inimeze, maana aibu hiyo ilikuwa yangu na ya nyumba yetu. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akacheka. "Mjukuu gani huyo asiyekunywa maziwa?" aliuliza. "Ni wa nani huyo?"

"Ni wangu," bibi akasema, akaendelea kula.

Muuza sambaza alikuwa bado amepiga magoti. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyapangusa.

"Chumvi inatosha, Mama?" aliuliza.

"Imepita," bibi alijibu. "Bukavu mulikuwa munakula chumvi tu?"

Wakaanza kucheka, wote wawili, na ndipo watu barabarani wakakumbuka kwamba wana safari. Mkutano wa siku ile, tuliambiwa, ulizungumzia mfereji.

Nisikudanganye kwamba yote yalirudi kama zamani. Wako ambao hawakununua tena sambaza zake hadi mwisho. Lakini chupa ilishuka kesho yake asubuhi, na mimi ndiye niliyeibeba, na majani ya njia ile tuliyakanyaga hadi yakafa.

Bibi naye alitafuta namna ya kuishi na tumbo langu. Wakija wageni, kila mtu alipewa kikombe cha maziwa, nami nikapewa changu cha mti, kirefu na cheusi ndani, kimejaa uji wa mtama. Alinipa kwa mikono miwili, kwa heshima ileile, na mimi nilikunywa kwa mwendo wa wanaokunywa maziwa, nikapangusa midomo kama wao. Hakuna mgeni aliyejua. Baadaye aligundua kwamba ya mgando, yaliyokaa na kuchacha vizuri, naweza kuyastahimili kidogo, na siku alipogundua hilo alitembea siku nzima akijisemea peke yake.

Ukubwani nimewaona madaktari. Mmoja, mjini Mbeya, aliniambia huenda tumbo langu haliwezi kuvunja sukari ya maziwa, niyaache nione. Hakupima chochote. Mwingine alitaja vidonda vya tumbo, mwingine wasiwasi wa moyo. Kuna siku hata kabichi hunigeuka, na siku nyingine nakula kila kitu kwa amani. Kwa hiyo naishi na mashaka yangu, kama mtu anavyoishi na mpangaji asiyeeleweka: namsikiliza anavyotembea chumbani, nahesabu kwamba leo ametulia.

Pale dukani Kamembe nilimuuliza yule dada kama vile vikombe vya mti bado vipo. Akasema vipo, vinauzwa kwa wageni, wanaviweka juu ya televisheni. Maziwa ya Gitambi sasa hushushwa kwa pikipiki kwenye madumu ya chuma kabla jua halijapanda. Bibi alifariki nikiwa Lubumbashi. Muuza sambaza alimfuata, na nasikia nyumba yake ilibomoka, pakapandwa mikaratusi. Hakuna tena mtu duniani anayejua kwamba kikombe changu kilikuwa na uji, ila mimi, na sasa wewe.

Siku niliyoondoka moja kwa moja nilikuwa nimemaliza sekondari. Nilikuwa nakwenda Bujumbura kutafuta kazi, nikasema nitarudi baada ya miezi michache, na nadhani wote watatu, mimi, bibi na muuza sambaza, tulijua kwamba sivyo. Walinisindikiza hadi barabarani panaposimama magari yanayoshuka Bugarama. Muuza sambaza alinifungia chakula, bibi akakifungua kukagua, akakifunga upya kwa namna yake. Tambarare chini ilikuwa ya kijani, na upepo ukatuletea adhana kutoka misikiti ya kule, ndogo kabisa, kama mtu anayeita mbuzi wake.

Gari lilipokuja, bibi alinishika uso. Mtu anayesafiri kule huombewa ng'ombe, ndiyo baraka kubwa kuliko zote, na nilimwona akianza kuisema, akasita.

"Uwe na ng'ombe wengi," alisema. Kisha akaongeza, "Maziwa uwape majirani."

Nilipanda nyuma, juu ya magunia. Gari lilipokata kona ya kwanza niligeuka kuwapungia mkono, lakini walikuwa wamekwisha kunipa mgongo. Walikuwa wanapanda kilima pamoja, polepole, mmoja ameshika mkono wa mwenzake, wakibishana jambo ambalo sikulisikia.